Wapangaji wa Mlango wa Pili

"Baba, usifungue. Piga hodi kwanza."

Jefwa alikuwa ameshainama, mkono mmoja umeshika kipini cha mlango wa mabati, mwingine umeshika fimbo ya chuma ya kuusukumia juu. Ndani ya duka, tajiri wake Muhdhar alikuwa ameshauliza mara tatu kama mlango wa pili unafunguliwa leo au unafunguliwa siku ya kiama.

"Hodi kwa nani, mama? Si duka tunalofanya kazi kila siku?"

"Kuna watu juu."

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo. Jina lake Mbeyu, jina la mama mzazi wa Jefwa, na kwa Wagiriama mtoto akipewa jina la bibi yake ndiyo bibi amerudi. Jefwa hakuwahi kumwita ila mama. Alianza kwa mchezo, kama alivyoanza mambo yake mengi, na siku zikaenda mpaka akajikuta amezoea kumtii. Wiki hii walikuwa wamebaki wawili tu. Mkewe, Mapenzi, alikuwa Kaloleni akimuuguza shangazi yake, shule zimefungwa, na chumba chao cha Majengo si cha kumfungia mtoto ndani kutwa. Basi mtoto huja dukani na babake, anakaa pembeni, haombi kitu.

Jefwa akainua macho. Juu ya mlango palikuwa na kasha refu la bati, ambamo mlango hujikunja kama mkeka ukisukumwa. Mlango huu ulikuwa haujafunguliwa mwezi na siku, kwa sababu nyuma yake zilipangwa robota za kanga za Idi mpaka darini. Sasa robota zimefumuliwa, Ramadhani iko ukingoni, na wanawake wa Mombasa nzima wameamka na nia moja.

Jurawa mmoja akaja na panzi mdomoni, akapenya kwenye upenyo wa kasha. Humo ndani zikalipuka kelele, chwi chwi chwi, kama kina mama wanaogombea doti ya mwisho ya kanga. Jurawa akatoka mdomo mtupu, akaenda zake.

"Ni watatu," Mbeyu akasema kwa kunong'ona. "Mmoja sauti yake mbovu. Mama yao akitoka nahesabu. Jana alirudi kwenye arubaini na saba. Mimi najua mpaka arubaini na tisa tu, na hajawahi kunipita."

"Umeanza lini kuwahesabia?"

"Tangu juzi. Baba, mlango ukipanda, unajikunja wapi?"

"Humo kwenye kasha."

"Na wao wakae wapi?"

Jefwa akatazama kasha, akatazama fimbo mkononi. Alijua jinsi mlango ule unavyojikunja, bati juu ya bati, umebana kiasi cha kusaga hata kiberiti.

"Jefwa!" sauti ya Muhdhar ikatoka ndani. "Mlango!"

"Umekwama, tajiri!"

Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya. Jefwa ndiye yule aliyemwambia Zakariya, mwenye duka la ng'ambo, kuwa wakaguzi wanapita kupima yadi za kupimia nguo. Zakariya akaificha yadi yake chini ya mkeka na kuuza siku nzima kwa kukisia. Uongo wake ulikuwa mwepesi, wa kuchekesha, haujawahi kumuumiza mtu. Kwa kidole gumba cha mguu akalisukuma komeo la chini likaingia kwenye tundu lake, polepole, hata Mbeyu hakuona.

Muhdhar akatoka. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, kanzu safi, na saumu imemkaa kichwani. Akavuta mlango. Akavuta tena mpaka kofia ikamteleza. Mlango haukusema kitu.

"Haki ya Mungu, umekwama kweli."

"Kutu, tajiri. Hewa ya chumvi hii."

"Siku hii ya leo! Mbona hukunambia jana?"

"Jana haukuwa umekwama."

Hilo lilikuwa kweli, na Jefwa akalisema kwa uso wa mtu mkweli. Muhdhar akatoa simu, akampigia Morgan, fundi wa milango ya chuma. Morgan akasema naja sasa hivi. Kwa lugha ya Morgan, sasa hivi ni kesho.

*

Siku ile ilikuwa ndefu. Duka la milango miwili likabaki na mlango mmoja, wanaotoka wanasukumana na wanaoingia, na joto limejifungia ndani pamoja na wateja. Bi Mwanaesha, mamake Muhdhar, alikaa kwenye kiti chake karibu na meza ya kukatia, kipepeo cha ukindu mkononi, akiwatajia wanawake majina ya kanga hata kabla hazijakunjuliwa. Hakuhitaji kusoma maandishi ya chini. Rangi tu zilimtosha.

"Hiyo ya zambarau yasema subira yangu si ujinga. Mpelekee wifiyo, ndiyo yamfaa."

Wanawake walicheka, lakini waliochoka kubanwa walivuka barabara wakaenda kwa Zakariya. Naye Zakariya alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, akipaza sauti.

"Muhdhar! Duka lako limepooza upande mmoja? Lipelekeni likachuliwe!"

Muhdhar alimgeukia Jefwa. "Lete korja ya kanga za visutu. Haraka. Na yule mtoto wako mwambie asikae pale mlangoni, watu watamkanyaga."

Mbeyu alikuwa ameketi juu ya gazeti, kwa nje, chini ya kasha. Kila aliyeuegemea mlango uliofungwa alivutwa buibui na kuambiwa shhh. Wengine walicheka. Mmoja akasonya, akauliza mtoto huyu wa nani, hana adabu. Mbeyu akamjibu, "Shikamoo. Wamelala."

Jefwa alitoka na furushi begani, akachutama karibu naye kama anayefunga kamba ya kiatu, na miguuni ana ndara.

"Mama, ukinivutia watu hivi nitaumbuka."

"Kwa nini usimwambie ami Muhdhar kweli?"

"Nikimwambia atasema toa. Ndege ni ndege kwake."

"Kwani ndege si ndege?"

Jefwa akaliweka furushi sawa begani.

"Baba, tazama." Jurawa alikuwa ametua kwenye kizingiti, pale Jefwa anapopunguzia nyuzi za pindo la visutu kila asubuhi kwa mkasi. Akachagua uzi mwekundu, akauacha, akachagua mweusi, akauacha, kisha akarudi akauchukua ule mwekundu akapanda nao. Mbeyu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili asije akapiga kelele. "Anachagua kama Bi Mwanaesha," akasema.

"Watoto wameshazaliwa, nyuzi za nini tena?"

"Labda wamekojoa kitanda."

Jefwa akacheka mpaka furushi likamdondoka. Kwa muda mfupi ule akasahau kuwa kesho Morgan atakuja na ngazi, na bisibisi, na macho. Halafu akakumbuka, na siku nzima iliyobaki hakutulia. Alipima kanga moja mara mbili, na nyingine hakuipima kabisa.

*

Asubuhi ya pili yake Bi Mwanaesha ndiye aliyewahi. Jefwa na Mbeyu walipokata kona ya Biashara Street wakamsikia kabla ya kumwona.

"Audhubillahi! Muhdhar! Njoo hapa! Njoo utazame ulimwengu huu!"

Alikuwa amesimama mbali na mlango wa pili, buibui amelikusanya mpaka kwenye vifundo vya miguu kama mtu anayevuka dimbwi. Chini, penye kizingiti, palikuwa na fungu kama ngumi ya mtoto. Nyasi kavu, unyoya wa kuku, nywele za mtu, na vyote vimezongwa kwa nyuzi: nyeusi, nyeupe, nyekundu.

Mtu wa kwingine angeona takataka. Mtu wa pwani akiona weusi, weupe na wekundu pamoja, na nywele na manyoya ndani yake, haoni takataka. Anaona kaniki, bafta na bendera, vitambaa vitatu vya mganga. Na akiliona fungu lenyewe limelala mbele ya mlango wa duka, mlango ambao jana umekataa kufunguka bila sababu, basi hana haja ya kuambiwa na mtu.

"Fingo," Bi Mwanaesha akasema. "Tumefungwa kwa dawa. Ndiyo maana mlango haupandi."

Muhdhar alitaka kucheka, kisha akaangalia ng'ambo ambako Zakariya alikuwa anafungua milango yake yote miwili, kicheko kikamkauka. "Mama, hebu tusiseme mambo hayo mwezi mtukufu."

"Aliyeyaweka hakujua kama ni mwezi mtukufu? Jefwa! Njoo. Nyinyi watu wa huko mashambani mwayajua haya. Hiki ni nini?"

Jefwa alijua vizuri ni nini. Lilikuwa pande la kiota, limeanguka usiku kwa upepo. Nyuzi zile amezikata kwa mkasi wake mwenyewe, pindo la visutu, na kisutu hakina rangi nyingine zaidi ya hizo tatu. Angesema neno moja, mambo yangeisha. Lakini Morgan alikuwa njiani, na Mbeyu alikuwa amemshika kidole, na palepale shetani wa mzaha akamnong'oneza kuwa hapa ndipo pa kupona.

Akachutama. Akalitazama fungu bila kuligusa. Akavuta pumzi kwa puani, akatikisa kichwa taratibu kama alivyowaona wazee wakitikisa.

"Bi, hili lisiguswe. Na mlango huu usifunguliwe."

"Ehe?"

"Siku kumi na nne. Zikipita kumi na nne linakufa lenyewe, halina nguvu tena. Likisumbuliwa kabla, aah." Akapangusa mikono ingawa haikuwa na kitu. "Mimi simo."

Bi Mwanaesha akarudi nyuma hatua mbili. Jefwa alihisi kicheko kikimpanda tumboni, akakibana. Siku kumi na nne! Makinda yatakuwa yameruka, yameoa na kuolewa. Akamtupia Mbeyu jicho ashangilie naye.

Mbeyu hakushangilia. Alikuwa anamtazama babake kama anatazama mtu aliyevaa shati la babake.

"Umejuaje ni kumi na nne?" Muhdhar akauliza.

Aliuliza polepole. Mbele ya mlango walikuwa wameshakusanyika wanawake watano sita, wapiga mkokoteni wawili, na Zakariya amevuka barabara.

"Si... ndivyo ilivyo, tajiri. Watu husema."

"Watu gani? Jana mlango umekwama, wewe ndiye uliyekuwa umeushika. Leo limepatikana fungu, wewe ndiye ujuaye siku zake. Na mtoto wako kutwa ameketi hapa hapa, hataki mtu apite." Uso wa Muhdhar ulikuwa unabadilika kwa kila neno, kama mtu anayesoma barua mbaya mstari kwa mstari. "Jefwa. Nimekukosea nini?"

"Tajiri, mimi?"

"Mchawi!" mwanamke mmoja akasema kwa nyuma. Hakusema kwa nguvu. Alisema kama anayemtajia mwenzake jina la kanga.

Kicheko kikamwisha Jefwa. Kwao neno hilo halichezewi. Kwao mzee akiota mvi na jirani akafiwa na mtoto, neno hilo likitajwa jioni, asubuhi mzee anaokotwa shambani, amekatwa kwa mapanga. Kila mwezi Jefwa humpelekea babake kopo la rangi nyeusi ya nywele, na mzee wa miaka sabini na moja hujipaka mbele ya kioo kilichopasuka, si kwa sababu ya ujana. Na leo yeye, mtoto wa mzee huyo, amelichukua neno lile akalifanya mchezo, katikati ya barabara, mchana kweupe.

"Tajiri, sikiza. Ni mzaha. Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mzaha na riziki yangu?"

"Mtoeni hapo!" akasema mpiga mkokoteni mmoja, na mkono wake ukamfika Jefwa kwenye ukosi wa shati, ukakaza. Kifungo kikaruka.

"Mwachilie!"

Sauti ile ilikuwa nyembamba, lakini ilikwenda mbali. Mbeyu alikuwa amelia tayari, kamasi zimefika mdomoni, hata hivyo amesimama katikati ya miguu ya watu wazima.

"Baba amesema uongo. Mlango haukukwama. Na hilo si dawa, ni kitanda. Kuna watoto juu, watatu, hawajaota manyoya, na mlango ukipanda utawaponda. Ndiyo amesema uongo." Akafuta pua kwa kiganja. "Si vizuri kusema uongo. Lakini si mchawi."

Watu wakatazamana. Wakati huo huo Morgan akafika, ngazi begani, akapiga mluzi, akauliza, "Vipi, kuna msiba?"

*

Morgan alipanda. Akalegeza parafujo sita moja baada ya nyingine, na kila moja aliyoilegeza barabara ilizidi kunyamaza. Alipovuta kifuniko, kikagoma, akakivuta kwa nguvu, kikapinda na kumtoka.

Kiota kilikuwa kimejaza upana wa kasha, nyasi na manyoya na nyuzi za visutu, na katikati yake shimo dogo kama kikombe cha kahawa. Vichwa vitatu vikainuka, vipofu bado, shingo nyembamba kama kijiti cha mshumaa, midomo ya manjano imepanuka kuliko kichwa chenyewe. Chwi chwi chwi. Makinda yaliwadhania watu wote pale kuwa ni mama yao.

"La ilaha illallah," akasema Bi Mwanaesha, akakaa kwenye kizingiti, palepale karibu na fungu. "Visutu vyangu!"

Kikatoka kicheko, cha kwanza asubuhi ile. Aliyemshika Jefwa akamwachia shati, akalipapasa kidogo kama anayelipiga pasi.

"Haya," Muhdhar akasema. Hakucheka. "Tumeona. Morgan, watie kwenye boksi, uwaweke pale kwenye ukuta wa msikiti. Mlango upande. Idi haimngoji mtu."

"Mama yao hatawaona kwenye boksi," Mbeyu akasema.

"Atawatafuta."

"Akirudi atahesabu, hatawakuta."

"Mtoto, mimi nina duka."

Muhdhar akainama, akashika kipini, akalivuta komeo ambalo kidole gumba cha Jefwa kilililaza jana. Akamtazama Jefwa kwa jicho moja kali. Jefwa akasogea. Hakuwa na uongo tena wa kusema, na alikuwa amechoka.

"Tajiri, ukitaka kuvuta, vuta. Mimi mkono wangu hauna nguvu hiyo."

"Piga hodi kwanza, ami," Mbeyu akasema.

"Nini?"

"Ni nyumba ya watu. Mtu akienda nyumba ya watu anapiga hodi. Hapa Mombasa wote wanapiga hodi. Hata mwenye nyumba akija kwetu kuchukua kodi anapiga hodi."

"Piga, Muhdhar!" Zakariya akasema kwa nyuma, na watu wakachekelea. "Kwani yapungua nini?"

Muhdhar, ili mradi amalize, akainua kichwa. "Hodi!"

Palepale mama jurawa akatokea, akatua kwenye ukingo wa ngazi. Akaona watu wale wote, akatoa sauti moja kavu kama kijiti kinachovunjika. Makinda yakanyamaza. Vichwa vikazama ndani ya kikombe kana kwamba havijawahi kuwapo.

"Hodi," Muhdhar akasema tena. Mara hii sauti ilishuka.

Morgan juu ya ngazi alizuia pumzi. Manyoya ya mgongo wa jurawa yalikuwa yamesimama, na mdomoni alikuwa bado amebana mdudu wa kijani, hamli, hamwachii.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Muhdhar alikaa vile vile, ameinama, mkono umekamata kipini. Bi Mwanaesha akashusha kipepeo chake.

"Hodi tatu, mwanangu," akasema. "Hukukaribishwa. Wajua mtu afanyavyo."

Anajua. Nani asiyejua? Mtoto mdogo wa chuo cha Kurani anajua. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unageuka unakwenda zako, hata kama waliomo unawasikia wanapumua. Muhdhar aliganda pale muda mrefu kuliko hodi zote tatu pamoja. Kisha vidole vikaachia kipini kimoja kimoja, akanyooka, akajipangusa magoti, akaingia dukani kwa mlango wa kwanza.

Morgan akashuka. Kifuniko akaondoka nacho kwenda kukinyoosha. Akasema atakileta sasa hivi.

Watu wakatawanyika, wengine wakabaki wakatazama juu. Jefwa akamfuata Muhdhar mpaka penye meza.

"Ndege wamesamehewa, tajiri. Na mimi?"

Muhdhar alikuwa anakunja doti iliyokwisha kukunjwa. "Wewe ndiye uliyesema ni dawa. Ulitaka tuamini nini?"

"Nilisema ni dawa. Sikusema ni yangu. Hilo uliliongeza wewe, na hukuchelewa." Jefwa alingoja. "Miaka tisa nafungua duka hili. Neno lile limesemwa mbele ya watu."

"Si mimi niliyelitamka."

"Hukulirudisha."

Bi Mwanaesha aliyasikia yote, akayapepea. Muhdhar akaendelea kukunja. Jefwa akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza taratibu, akatoka akamshika mtoto mkono.

*

Habari zilifika Kaloleni kabla ya magharibi. Mapenzi alipiga simu hata sima haijaiva.

"Nimeambiwa umefukuzwa kwa uchawi."

"Nimeondoka mwenyewe."

"Jefwa! Neno hilo! Ukiwa na baba mwenye mvi! Hapa dukani wananiuliza kama ni kweli."

"Waambie ni jurawa."

"Niwaambie ni nini?"

Alieleza, akasikia mwenyewe jinsi inavyosikika, akaiacha katikati. Mapenzi akavuta pumzi. "Na sasa?"

"Sirudi pale mpaka aliseme. Kwa sauti."

Baada ya hapo alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akafua shati lisilo na kifungo, akalikamua, akalifua tena. Mbeyu alikula sima yake yote kimya. Alipomaliza akaosha mkono.

"Kesho tunakwenda saa ngapi?"

"Hatuendi, mama."

"Kifuniko hakikurudishwa."

"Wale si wetu."

"Ulikifungulisha wewe. Uliwaonyesha watu wote." Aliyasema bila hasira. "Walikuwa wamejificha vizuri."

Jefwa akaenda kulianika shati, lipate kukauka kabla ya asubuhi.

*

Alimwamsha mtoto, au mtoto alimwamsha yeye, ni vigumu kusema. Walipofika Biashara Street maduka mengi yalikuwa bado yamefungwa, na barabara ilikuwa na kelele za kunguru.

Chini ya kasha, juu ya kiti cha Bi Mwanaesha, alisimama Muhdhar. Kanzu ameipandisha ameifunga kiunoni, kofia haipo, jasho linamtiririka na mate ya kumeza hana. Mkononi ana yadi ya mbao ya kupimia kanga, anaizungusha hewani kama mwendawazimu, na kwenye nyaya za umeme kunguru wanne wanamsubiri achoke. Ng'ambo, Zakariya amejishika mbavu.

"Mumechelewa," Muhdhar akasema bila kugeuka. "Tangu alfajiri niko hapa. Hawa mabaradhuli hawana saumu wala swala."

Mbeyu alimponyoka babake mkono, akakimbilia chini ya kasha. "Wangapi?"

"Watatu. Nimewahesabu." Muhdhar akashuka, akamnyooshea Jefwa yadi. "Shika. Mkono wangu umekufa."

Jefwa aliitazama yadi. Miguu yake ilitaka kwenda, aliikataza.

"Bado hujalisema, tajiri."

Muhdhar akatazama chini, akatazama ng'ambo kwa Zakariya, akatazama wanawake wawili waliokuwa wameshafika kungoja duka. Akamsogelea Jefwa mpaka karibu na sikio. "Nisamehe," akasema.

"Ati?"

"Nimesema nisamehe."

"Kunguru, tajiri. Sisikii."

"Jefwa, usinifanyie."

"Haki ya Mungu sisikii."

Muhdhar akajaza kifua. Tangu siku ya harusi yake hakuwahi kusikika barabara nzima.

"NISAMEHE, JEFWA! WEWE SI MCHAWI! NI MIMI NILIYEKOSEA!"

Kunguru wakaruka. Zakariya akaacha kucheka. Dirisha moja la ghorofani likafunguliwa. Jefwa akaipokea yadi, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nisamehe, tajiri, kwa ule uongo," na alitaka kuongeza mengine, lakini juu yao, ndani ya kasha, zilikuwa zimeshalipuka kelele, chwi chwi chwi, zote tatu kwa mpigo.

Mbeyu akawageukia, mikono kiunoni.

"Haya basi! Ndio walikuwa wamelala sasa hivi tu!"

Wakanyamaza wote wawili.